California: namba moja haitoshi kulieleza jimbo la watu milioni 39

Swali: Naandaa mada ya semina kuhusu watu na uchumi wa jimbo la California, Marekani, na takwimu zinanichanganya. Chanzo kimoja kinasema Weupe ni asilimia 35, kingine 41, kingine 70. Nasoma kwamba uchumi wake ni wa nne duniani, halafu nasoma kwamba linaongoza Marekani kwa umaskini. Wengine wanadai watu wanalihama. Nishike lipi, na namba za kuaminika nizitoe wapi?

Jibu: Ndugu msomaji, namba zote ulizozitaja ni za kweli. Kinachokuchanganya ni kwamba kila moja inajibu swali lake, na wanaozinukuu hawalitaji swali hilo. Ukijua watu waliulizwa nini, na jumla iligawanywa kwa nani, mkanganyiko mwingi unaondoka. Kwa California kuna jambo jingine usilopaswa kuliacha nje ya hesabu, nalo ni gharama ya makazi. Ukiliacha, jimbo litaonekana tajiri na maskini kwa wakati mmoja bila sababu.

Weupe ni wangapi?

Sensa ya Aprili 1, 2020 ilihesabu watu 39,538,223. Fomu yake ilikuwa na maswali mawili yaliyotengana. La kwanza liliuliza kama mtu ana asili ya Kihispania au Kilatino. La pili liliuliza mbari yake, na "Mlatino" haikuwa miongoni mwa majibu ya swali hilo. Kwa hiyo Mlatino angeweza kujiandika Mweupe, Mweusi, mwenyeji wa asili wa Marekani, mwenye mbari zaidi ya moja, au "mbari nyingine".

Asilimia 35 ni ya Weupe wasio Walatino. Walikuwa 13,714,587, sawa na asilimia 34.7. Walatino wa mbari zote walikuwa 15,579,652, sawa na asilimia 39.4. Waasia wasio Walatino walikuwa asilimia 15.1, Weusi 5.4, wenye mbari zaidi ya moja 4.1, na makundi mengine yote kwa pamoja asilimia 1.3 iliyobaki. Makundi haya hayaingiliani, na ukiyajumlisha unapata mia.

Asilimia 41 ni ya kila aliyehesabiwa kuwa Mweupe tu, awe Mlatino au asiwe. Mwaka 2010 kundi hili lilikuwa asilimia 57.6. Anayeziona namba hizo mbili kandokando hudhani Weupe walikimbia jimbo zima ndani ya miaka 10. Ni kweli wanazeeka, wanazaa wachache na baadhi wanahama, lakini sehemu kubwa ya anguko hilo ilisababishwa na namna majibu yalivyopewa misimbo. Mwaka 2020 fomu iliweka nafasi ya kuandika asili chini ya kisanduku cha Weupe, na Ofisi ya Sensa ikasoma maandishi hayo kwa urefu kuliko zamani. Mtu aliyeweka alama kwenye Weupe kisha akaandika kwamba asili yake ni Meksiko aliingizwa katika mbari mbili: Mweupe na "mbari nyingine". Ndiyo maana wenye mbari zaidi ya moja, ukihesabu Walatino na wasio Walatino, waliruka kutoka asilimia 4.9 hadi 14.6. Hakuna ndoa wala uzazi unaoweza kuleta badiliko la ukubwa huo kwa miaka 10.

Asilimia 70 hutoka kwenye makadirio ya kila mwaka ya Ofisi hiyohiyo ya Sensa. Makadirio hayo hayana kundi la "mbari nyingine", kwa hiyo waliojiandika humo husambazwa kwenye mbari zilizobaki, na wengi wao huangukia kwa Weupe. Watu ni walewale, wamepangwa kwa kanuni nyingine.

Kwa mada yako tumia mgawanyo wa kwanza, wa makundi yasiyoingiliana. Usijumlishe kamwe 39.4 ya Walatino na 41.2 ya Weupe, maana utakuwa umewahesabu mara mbili Walatino waliojiandika Weupe. Kosa hili limejaa hata katika maandishi ya watu wanaoaminika.

Kuna mambo mawili zaidi ya kuzingatia. Machi 2024 serikali ya Marekani ilibadili kanuni: maswali hayo mawili yanaunganishwa kuwa moja, na linaongezwa kundi la Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini. Wairani wa Los Angeles, ambao katika sensa ya 2020 walihesabiwa Weupe, wataingia katika kundi hilo. Takwimu zitakazokusanywa kwa kanuni hiyo hazitalingana moja kwa moja na za 2020. Pili, ukaguzi uliofanywa baada ya sensa ulionyesha kwamba kwa Marekani nzima Walatino walipunguzwa kwa asilimia 4.99 na Weusi kwa asilimia 3.30, huku Weupe wasio Walatino wakizidishwa kwa asilimia 1.64. Kwa jimbo lenye Walatino wengi kiasi hiki, ni busara kuichukua 39.4 kama kiwango cha chini.

Kilichofichwa ndani ya majina ya makundi

Walatino walipita Weupe wasio Walatino na kuwa kundi kubwa zaidi mnamo 2014. Si wageni wa jana. California ilikuwa sehemu ya Meksiko hadi 1848, na mpango wa vibarua wa mashambani wa 1942 hadi 1964, ulioitwa Bracero, ulijenga njia ambazo familia ziliendelea kuzifuata baada ya mpango wenyewe kufutwa. Wengi wao leo wamezaliwa Marekani.

Neno "Waasia" ndilo linaloficha mengi zaidi, nami ningekuomba usiliache hivihivi kwenye mada yako. Ndani yake wamo Wachina, ambao wa kwanza walifika wakati wa mbio za dhahabu na baadaye kufungiwa mlango kwa sheria ya 1882. Wafilipino wa Daly City. Wavietnam waliofika baada ya 1975 na kujenga Little Saigon katika miji ya Westminster na Garden Grove. Wahmong wa Fresno, waliokuja kama wakimbizi wa vita vya Laos. Masingasinga wa Punjab waliolima Yuba City tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Na wahandisi wa Kihindi wa Fremont na Sunnyvale, ambao njia yao ilifunguliwa na sheria ya uhamiaji ya 1965. Ukichukua pato la wastani la "Waasia", mhandisi wa Sunnyvale atamfunika Mhmong wa Fresno, na hali ya huyo wa pili haitaonekana popote kwenye jedwali lako. Watenganishe kwa asili ya nchi kila inapowezekana.

Weusi ni wachache kwa asilimia, lakini ni zaidi ya watu milioni mbili. Wengi wana mizizi katika uhamiaji kutoka majimbo ya kusini wakati wa Vita Kuu ya Pili, kufuata kazi za viwanda vya meli huko Richmond na Oakland na viwanda vya Los Angeles. Bei za nyumba zimewasukuma wengi kutoka miji hiyo kwenda bara, kama Antioch na San Bernardino. Ukipima Oakland peke yake utadhani wametoweka.

Zaidi ya robo ya wakazi, karibu asilimia 27, wamezaliwa nje ya Marekani. Kwa nchi nzima ni karibu asilimia 14. Wanaozungumza nyumbani lugha isiyo Kiingereza ni asilimia 44 hivi. Taasisi ya utafiti ya Pew ilikadiria kwamba wasio na vibali walikuwa karibu milioni 1.8 mwaka 2022. Hili la mwisho ni kadirio: sensa haiulizi kibali cha mtu.

Pato la jimbo si pato la mkazi

Mwaka 2024 pato ghafi la California lilifikia takriban dola trilioni 4.1, likaizidi Japani kidogo, na kwa ulinganisho huo jimbo likaja nyuma ya Marekani yenyewe, China na Ujerumani. Ukigawanya kwa watu milioni 39.4 unapata karibu dola 104,000 kwa kila mtu, mtoto mchanga akiwemo. Hakuna familia ya kawaida inayoishi kwa hesabu hiyo.

Pato ghafi hupima thamani ya kilichozalishwa mahali, bila kujali fedha zinaishia mfukoni mwa nani. Faida za kampuni za teknolojia kama Apple, Alphabet (mmiliki wa Google) na Nvidia zinahesabiwa kwa kiasi kikubwa hapo, lakini wenye hisa wako dunia nzima. Halafu liko jambo ambalo wengi hawalijui: ndani ya pato ghafi imo kodi ya pango ambayo mwenye nyumba anadhaniwa kujilipa mwenyewe kwa kuishi kwake. Nyumba zikipanda bei na pango likapanda, pato la jimbo nalo linapanda, hata kama hakuna tofali lililoongezwa. Kwa hiyo sehemu ya ule "utajiri" ndiyo hiyohiyo gharama inayowakaba wapangaji.

Angalia pia tofauti kati ya sekta zinazoleta fedha na sekta zinazoajiri. Teknolojia ya habari huzalisha thamani kubwa kwa wafanyakazi wachache. Afya na huduma za jamii, maduka, hoteli na migahawa huajiri mamilioni kwa mishahara midogo zaidi. Kilimo ni takriban asilimia 2 tu ya pato, ingawa California inaongoza majimbo yote kwa thamani ya mazao na hutoa karibu asilimia 80 ya lozi zote duniani. Mtu akikuambia jimbo linaishi kwa kilimo amekosea. Akikuambia kilimo hakina uzito, basi hajafika kaunti za Fresno, Tulare wala Kern, ambako ndicho kinachoamua nani ana kazi mwezi huu.

Sasa twende kwenye hesabu ninayotaka uiweke katikati ya mada yako. Takwimu ni za Ofisi ya Sensa kwa miaka 2018 hadi 2022, katika dola za 2022.

Pato la kati la kaya lilikuwa dola 91,905 California na 75,149 Marekani nzima. (Pato la kati hupatikana hivi: panga kaya zote mstari mmoja kuanzia yenye pato dogo hadi yenye pato kubwa, kisha chukua ile iliyosimama katikati kabisa. Halivutwi juu na mabilionea wachache kama unavyovutwa wastani.) California iko juu kwa asilimia 22.

Usisimame hapo. Kaya ya California ina watu 2.89 kwa wastani, ya Marekani 2.57. Ukiangalia pato kwa kila mtu, California ni dola 45,591 na Marekani 41,261, na tofauti imeshuka hadi asilimia 10 na ushei. Sehemu ya ule ubora wa asilimia 22 ilikuwa ni watu wengi zaidi wanaochangia dari moja: watoto wakubwa wasiomudu kuondoka kwa wazazi, ndugu wawili na familia zao katika nyumba moja, wapangaji katika gereji iliyogeuzwa chumba.

Sasa weka makazi. Pango la kati kwa mwezi, pamoja na umeme na maji, lilikuwa dola 1,856 dhidi ya 1,268, yaani juu kwa asilimia 46. Thamani ya kati ya nyumba ilikuwa dola 659,300 dhidi ya 281,900. Gawanya thamani ya nyumba kwa pato la kaya: Marekani nzima, nyumba ni pato la miaka 3.75, California ni la miaka 7.2. Wanaoishi katika nyumba yao wenyewe ni asilimia 55.6 dhidi ya 64.8, na ni jimbo la New York pekee lililo nyuma yake.

Lichukue pango hilo ulilete karibu. Mwaka 2022 mshahara wa chini wa jimbo, kwa mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25, ulikuwa dola 15 kwa saa. Saa 40 kwa wiki 52 ni dola 31,200 kabla ya makato. Pango la kati kwa mwaka ni dola 22,272, yaani asilimia 71 ya mshahara wote. Wafanyakazi wawili wa mshahara huo katika nyumba moja wanatumia asilimia 36. Kipimo kinachotumika Marekani ni kwamba kaya inayolipa zaidi ya asilimia 30 ya pato kwa makazi imeelemewa, kwa hiyo hata hao wawili wanaofanya kazi saa zote wameelemewa. Hapo ndipo kaya ya watu watano inapozaliwa.

Kwa nini nafasi yake kwa umaskini hubadilika

Marekani ina vipimo viwili vya umaskini, na California hubadilika sura ukihama kutoka kimoja kwenda kingine.

Kipimo rasmi kilibuniwa na mwanauchumi Mollie Orshansky miaka ya 1960 kwa kuchukua gharama ya chakula na kuizidisha mara tatu; kila mwaka hurekebishwa kwa mfumuko wa bei tu. Mwaka 2023 mstari kwa watu wazima wawili na watoto wawili ulikuwa dola 30,900, na mstari huo ni uleule mahali pote nchini. Anayelipa pango San Francisco anapimwa sawa na anayelipa pango kijijini Mississippi. Kwa kipimo hiki California huwa na asilimia 12 hivi, karibu sawa na nchi nzima au chini kidogo.

Kipimo cha nyongeza, kinachotolewa tangu 2011, hubadili mstari kulingana na gharama ya makazi ya eneo, huongeza misaada kama ya chakula na marejesho ya kodi, kisha hutoa kodi, matibabu na gharama za kwenda kazini. Kwa kipimo hiki California imekuwa ikishika nafasi ya kwanza au karibu nayo miongoni mwa majimbo. Mapato ya watu ni yaleyale. Kilichoingia ni pango. Ukiandika "California inaongoza kwa umaskini", sentensi hiyohiyo itaje kwamba ni kwa kipimo cha nyongeza, la sivyo msikilizaji mwenye jedwali rasmi mkononi atakuumbua.

Kuna pia wasio na makazi kabisa. Wanahesabiwa usiku mmoja mwishoni mwa Januari. Mwaka 2023 walikuwa 181,399, sawa na asilimia 28 ya wote nchini, katika jimbo lenye asilimia 12 ya watu wa Marekani. Mwaka 2024 waliongezeka hadi 187,084, lakini sehemu yao kitaifa ikashuka hadi asilimia 24 kwa sababu majimbo mengine yaliongezeka kwa kasi zaidi. Ni mfano mzuri wa namba na asilimia kwenda pande tofauti. Karibu theluthi mbili ya hao hulala nje, si kwenye mabweni ya hifadhi.

Jua pia kwamba mwenye nyumba na mpangaji hawaishi katika uchumi mmoja. Juni 1978 wapigakura walipitisha Pendekezo la 13. Kodi ya majengo isizidi asilimia 1 ya thamani iliyoandikishwa, na thamani hiyo isipande zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka nyumba iuzwe. Tuseme nyumba mbili pacha zimepakana. Moja ilinunuliwa 1985 kwa dola 120,000. Kufikia 2024, kwa ongezeko la asilimia 2 kila mwaka, thamani yake ya kodi ni karibu dola 260,000, na kodi ni kama dola 2,600. Ya pili imenunuliwa 2024 kwa dola milioni moja, na kodi yake ni dola 10,000, bila tozo za ziada za mitaa. Mzee wa nyumba ya kwanza ana sababu nzuri ya kutohama, na kijana anayetafuta nyumba ana nyumba moja pungufu sokoni. Kipengele hiki si chanzo pekee cha uhaba: sheria za mipango miji zilizoruhusu nyumba moja kwa kiwanja, na taratibu ndefu za kupinga ujenzi, zina mkono mkubwa. Lakini hutaelewa kwa nini umri wa mwenye nyumba ni takwimu ya kiuchumi mpaka uijue hesabu hii.

Shuka hadi kwenye kaunti

California ina kaunti 58. Los Angeles ilihesabiwa watu 10,014,009, zaidi ya majimbo mengi ya Marekani. Alpine watu 1,204. Wastani wa jimbo hauielezi hata moja kati ya hizo.

Kwa miaka hiyohiyo 2018 hadi 2022, pato la kati la kaya Santa Clara, moyo wa Silicon Valley, kitovu cha kampuni za teknolojia, lilikuwa karibu dola 154,000. Los Angeles ilikuwa 83,000, Fresno 68,000, na Imperial, kwenye mpaka wa Meksiko, 54,000. Santa Clara ni karibu mara tatu ya Imperial ndani ya jimbo moja, chini ya gavana mmoja. Ningeligawa jimbo katika ukanda wa pwani kuanzia San Diego hadi Ghuba ya San Francisco, Bonde la Kati lenye mashamba, bara la kusini la Riverside na San Bernardino lenye maghala na malori, na kaskazini yenye misitu na watu wachache. Elimu nayo ina sura hiyo ya ncha mbili: asilimia 36 ya watu wazima wa miaka 25 na zaidi wana shahada, juu ya wastani wa nchi, na asilimia 16 hivi hawakumaliza sekondari, pia juu ya wastani wa nchi. Walio katikati ni wachache kuliko wastani wa nchi.

Chunga mtego wa kaunti ndogo. Sensa huwahesabu wafungwa mahali walipofungwa. Lassen, yenye watu wachache na gereza la jimbo, huonyesha wanaume wengi na Weusi wengi kuliko unaowakuta mitaani.

Je, watu wanalihama?

Ndiyo, kwenda majimbo mengine, na si jambo jipya. Tangu miaka ya 1990 wanaotoka wamewazidi wanaoingia kutoka majimbo mengine karibu kila mwaka. Mwaka 2022 waliotoka walikuwa takriban 818,000 na walioingia 476,000. Waliokwenda Texas walikuwa karibu 102,000, lakini karibu 42,000 walitoka Texas kuja California, na hao wa pili hawatajwi kwenye vichwa vya habari.

Idadi ya watu ina milango mitatu: vizazi ukitoa vifo, uhamiaji wa kimataifa, na uhamiaji wa ndani. Kwa miaka mingi milango miwili ya kwanza ilifidia wa tatu. Kisha vizazi vilishuka, kutoka zaidi ya laki 6 mwaka 1990 hadi karibu laki 4 miaka ya karibuni, na janga la korona likaongeza vifo na kufunga uhamiaji wa nje. Ndipo jimbo likapungukiwa na watu baada ya 2020, kabla ya kuanza kuongezeka tena kidogo. Baada ya sensa ya 2020 lilipoteza kiti kimoja katika Baraza la Wawakilishi, kutoka 53 hadi 52, mara ya kwanza katika historia yake. Sababu haikuwa kupungua: kati ya 2010 na 2020 liliongezeka watu zaidi ya milioni 2, ila kasi yake ilikuwa ndogo kuliko ya nchi.

Namna ya kuzitoa namba mwenyewe

Ingia data.census.gov, andika msimbo wa jedwali, kisha chagua jimbo au kaunti. Kwa mbari na asili tumia B03002, pato la kati la kaya B19013, pato kwa kila mtu B19301, umaskini rasmi S1701, pango B25064, wamiliki na wapangaji B25003, nchi ya kuzaliwa B05006, elimu B15003.

Utaulizwa uchague takwimu za mwaka mmoja au za miaka mitano. Hizi hutoka kwenye utafiti wa sampuli unaofanywa kila mwaka, ujulikanao kwa kifupi kama ACS, si sensa. Za mwaka mmoja ni mpya zaidi, lakini hutolewa kwa maeneo yenye watu 65,000 na zaidi. Za miaka mitano zinafika hadi kwenye vitongoji. Ukilinganisha kaunti kubwa na ndogo, tumia za miaka mitano kwa zote. Usilinganishe vipindi vinavyopandana, kama 2017 hadi 2021 na 2018 hadi 2022, kwa sababu miaka minne kati ya mitano ni ileile. Na kwa 2020 usitafute jedwali la kawaida la mwaka mmoja: janga liliharibu ukusanyaji, na kilichotolewa ni takwimu za majaribio tu.

Kando ya kila namba kuna alama ya ± na kiasi cha kosa. Usiifute. Tuseme kaunti moja ina pato la kati 68,000 ± 2,000 na nyingine 70,500 ± 2,500. Tofauti ni 2,500. Zidisha kila kosa kwa lenyewe, jumlisha, kisha chukua kipeo cha pili: kipeo cha pili cha milioni 4 na milioni 6.25 ni karibu 3,200. Tofauti yako ni ndogo kuliko hiyo, kwa hiyo huna ruhusa ya kusema kaunti ya pili ni tajiri zaidi.

Idara ya Fedha ya California nayo hutoa makadirio yake ya idadi ya watu kila mwaka, na hayatalingana na ya Ofisi ya Sensa. Ya jimbo mara nyingi ni ya Januari 1, ya Sensa ni ya Julai 1, na jimbo hutumia pia mabadiliko ya anwani kwenye leseni za udereva. Chagua mfululizo mmoja na ubaki nao kutoka mwanzo wa mada hadi mwisho.

Ukitaja mji, sema kama ni mji wenyewe, kaunti au jiji na viunga vyake. Los Angeles mji una watu milioni 3.9, kaunti milioni 10, na eneo lote la jiji milioni 13.2, na zote tatu huandikwa "Los Angeles" bila maelezo. San Francisco yenye watu chini ya laki 9 ni mji ulio ndani ya eneo la watu milioni 4.7, ambamo San Jose, iliyo umbali wa saa moja kwa gari, haimo.